Saa Tatu za Kumwokoa Mama: Utafiti wa Utako Okamoto Kuhusu Kuganda kwa Damu

Haya ni maelezo yaliyotolewa kwa wakazi katika kikao cha elimu ya afya kwenye hospitali ya kaunti. Yamechapishwa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika siku hiyo.

 

Kila aliyeketi hapa amewahi kujikata. Labda ilikuwa kisu cha jikoni, jembe shambani, au wembe wa kunyolea. Damu ilitoka, ukaibana kwa kidole au kwa kitambaa, na baada ya dakika chache ikakoma. Hukumeza dawa wala hukwenda hospitali. Mwili ulijua la kufanya.

Lakini kuna wakati damu haikomi. Mtu ameanguka na bodaboda na kuvunjika nyonga. Mama amejifungua salama, mtoto analia vizuri, kisha shuka inaanza kulowa na hailowi kidogo. Kwa nini damu igande pale ikatae hapa? Mazungumzo ya leo yanamhusu mwanasayansi aliyetumia maisha yake kulijibu swali hilo. Jina lake ni Utako Okamoto, daktari wa Japani. Wengi hapa hawajalisikia jina hilo. Hata hivyo, dawa aliyoivumbua pamoja na mumewe, Shosuke Okamoto, hutumiwa leo katika wadi za kujifungulia humu nchini, na kuna kina mama wanaolea watoto wao kwa sababu waliipata kwa wakati.

Neno hilo, "kwa wakati", ndilo tutakalorudi nalo nyumbani leo.

Jinsi damu inavyoganda

Tuanze na damu yenyewe. Ukiitazama kwa macho unaona maji mekundu tu, lakini ndani yake mna wafanyakazi wa aina nyingi. Seli nyekundu hubeba oksijeni. Seli nyeupe hupigana na vijidudu. Halafu kuna chembe sahani, ambazo ni ndogo kuliko zote, na kazi yake ni kuziba. Zote huelea katika maji ya rangi ya manjano yaitwayo plazma, ambayo yamejaa protini.

Mshipa ukikatika, chembe sahani hukimbilia pale na kushikamana. Papo hapo protini za plazma huanza kuamshana moja baada ya nyingine. Ni kama usiku wa hatari kijijini: jirani wa kwanza anapiga ukunga, wa pili anausikia naye anapiga, mara kijiji kizima kimeamka. Mwisho wa kuamshana huko hutokea nyuzi ziitwazo faibrini. Nyuzi hizo husukana kama wavu wa mvuvi. Wavu hunasa seli nyekundu na chembe sahani, likawa bonge, na bonge likaziba tundu.

Lakini bonge hilo haliwezi kukaa pale milele, kwa sababu mshipa ungeziba na damu isingepita. Kwa hiyo mwili una mafundi wa kuliondoa likishamaliza kazi. Mafundi hao huitwa vimeng'enya. Kimeng'enya ni protini inayoharakisha kazi za mwili, kama ile iliyo katika mate inayoanza kusaga ugali kabla haujafika tumboni.

Seli nyeupe zinapofika kwenye jeraha huja na vimeng'enya vyao, vimefungwa ndani ya vifuko vidogo. Kimoja kati ya hivyo huitwa elastezi. Huwashambulia vijidudu, huvunjavunja nyama iliyokufa, na kinaweza pia kuzikata nyuzi za faibrini. Hiyo ndiyo sababu kidonda husafishika chenyewe kabla ya kufunga.

Hata hivyo, mkataji mkuu wa ule wavu ni kimeng'enya kingine kiitwacho plazmini. Hiki hakitoki katika seli nyeupe. Kimelala ndani ya plazma, kinangoja kuamshwa. Kikiamka, huushika wavu wa faibrini na kuukata uzi baada ya uzi hadi bonge liyeyuke.

Kwa hiyo mwilini mna wanaosuka na mna wanaokata, na wote wanahitajika. Uzima wa mtu uko katika mizani kati yao. Shida hutokea mtu anapopata jeraha kubwa, au mama anapojifungua, halafu plazmini ikaamka mapema na kwa wingi. Wavu unasukwa upande huu na kukatwa upande ule, na damu inaendelea kutoka.

Wakati Okamoto anaanza utafiti wake, dunia ilikuwa tayari inajua kwamba plazmini ipo. Kilichokosekana ni dawa salama ya kuizuia.

Mtoto mgongoni, maabara mikononi

Utako Okamoto alizaliwa jijini Tokyo mwaka 1918. Alianza kusomea udaktari wa meno mwaka 1936, kisha akahamia udaktari wa binadamu katika chuo cha udaktari cha wanawake jijini humo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia alifanya utafiti katika Chuo Kikuu cha Keio, pamoja na mumewe.

Tuiwaze Tokyo ya wakati huo. Jiji lilikuwa limeteketezwa kwa mabomu. Chakula kilikuwa cha shida, vifaa vilikuwa vya shida, na pesa za utafiti zilikuwa haba. Mke na mume hawa walikaa wakafikiri: tuchunguze kitu gani ambacho tunaweza kukimudu? Wakachagua damu. Sababu yao ilikuwa nyepesi kueleweka. Damu ya kufanyia majaribio ikipungua, wangeweza kujitoa yao wenyewe.

Walikuwa na binti mdogo, na hapakuwa na mtu wa kumwachia. Okamoto alimfunga mgongoni na kuingia naye maabara. Kina mama walioketi hapa, ambao wamelima, wamechota maji na kuuza sokoni na mtoto mgongoni, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Kikwazo kingine kilikuwa watu. Zama hizo mwanamke mwanasayansi hakuchukuliwa kwa uzito. Wakati mmoja Okamoto na mwenzake wa kike walitolewa katika mkutano wa madaktari wa watoto, wakaambiwa kwamba mkutano haufai kwa wanawake na watoto. Siku alipowasilisha utafiti wake kwa mara ya kwanza, wanaume waliokuwa ukumbini walimdhihaki, wakamuuliza kama amekuja kuwachezea ngoma. Alizungumza hata hivyo, akamaliza, akarudi maabara.

Mkono uliojaa haushiki wavu

Sasa tuone walichokipata. Plazmini haikati wavu ovyo. Kabla ya kukata ni lazima kwanza ishike, na mahali inaposhika ni kwenye sehemu ndogo za nyuzi za faibrini ziitwazo laisini. Laisini ni mojawapo ya matofali yanayojenga protini, na tunaipata kila siku katika maharagwe, maziwa, nyama na samaki.

Okamoto na mumewe walijiuliza: je, tukipata kitu kinachofanana na laisini, plazmini haitakishika hicho badala ya kuushika wavu? Ni kama mtu anayetaka kukata kamba kwa panga. Mkono mmoja una panga, wa pili unapaswa kuishika kamba. Ukiujaza ule mkono wa pili kitu kingine, kamba haishikiki. Panga lipo na ukali upo, lakini hakuna kinachokatika.

Katika miaka ya 1950 walipata kemikali ya kwanza ya namna hiyo, asidi ya aminokaproiki. Ilifanya kazi, ila ilihitajika kwa wingi. Hawakuridhika. Waliendelea kujaribu kemikali nyingine za jamaa hiyo, moja baada ya nyingine. Mwaka 1962 walitangaza katika jarida la udaktari la Chuo Kikuu cha Keio kwamba wamepata nyingine yenye nguvu mara 27 kuliko ile ya kwanza. Inaitwa asidi ya traneksamiki. Hospitalini mtawasikia wauguzi wakiiita TXA kwa kifupi.

Mwone jinsi inavyofanya kazi. TXA haisuki wavu mpya, na haiigandishi damu kwa nguvu. Inaulinda ule wavu ambao mwili wenyewe umekwisha kuusuka, ili usikatwe kabla ya wakati wake.

Miaka hamsini ya kungoja

Okamoto alijua mapema mahali ambapo dawa hii ingefaa zaidi. Alitaka ijaribiwe kwa kina mama wanaovuja damu baada ya kujifungua. Aliwaomba madaktari wa kwao wafanye majaribio hayo, lakini hakufaulu kuwashawishi.

Dawa haikutupwa. Ilianza kutumiwa kwa wanawake wenye hedhi nzito, kwa wagonjwa wa damu isiyoganda wanapong'olewa meno, na baadaye katika upasuaji. Okamoto mwenyewe alikwenda mwaka 1966 kufundisha katika Chuo Kikuu cha Kobe Gakuin, akakaa huko hadi alipostaafu mwaka 1990. Lakini swali lake kubwa, la mama aliyejifungua, lilibaki bila jibu.

Mambo yalianza kubadilika mwaka 2010. Watafiti wakiongozwa na chuo cha afya ya umma na magonjwa ya nchi za joto cha London walitoa matokeo ya jaribio kubwa lililoitwa CRASH-2. Liliwahusisha majeruhi 20,211 katika hospitali 274 za nchi 40. Majeruhi waliopewa TXA walikufa wachache kuliko wale ambao hawakuipewa, na waliofaidika zaidi ni waliopewa mapema.

Mwezi Machi mwaka huo huo lilianza jaribio la pili, na hili ndilo alilokuwa akilitaka Okamoto. Liliitwa WOMAN, yaani mwanamke. Kina mama 20,060 waliokuwa wakivuja damu baada ya kujifungua walishiriki, katika hospitali 193 za nchi 21. Kenya ilikuwamo. Uganda, Tanzania na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zilikuwamo pia. Jibu la swali lililoulizwa Japani lilitafutwa, kwa sehemu, katika wadi zetu za Afrika Mashariki.

Kuwaandikisha kina mama hao kulimalizika Aprili 2016. Utako Okamoto alifariki tarehe 21 ya mwezi huo huo wa Aprili 2016, akiwa na umri wa miaka 98. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017.

Yalisemaje? Tuyaweke kwa lugha ya hesabu ya sokoni. Chukua kina mama elfu moja wanaovuja damu, ambao hawakupewa TXA katika muda wa saa tatu za kwanza baada ya kujifungua: 17 kati yao walikufa kwa kutokwa na damu. Chukua wengine elfu moja waliopewa dawa ndani ya muda huo: walikufa 12. Vifo vilipungua kwa karibu thuluthi moja. Wasiwasi kwamba dawa ingesababisha mabonge ya damu kwenye mapafu au miguu haukuthibitika katika jaribio hilo. Mwaka huo huo wa 2017, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mama anayevuja damu baada ya kujifungua apewe TXA mapema, ndani ya saa tatu, pamoja na matibabu mengine.

Mtu anaweza kusema kwamba watano kati ya elfu moja ni wachache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kina mama wapatao milioni 14 huvuja damu kwa wingi baada ya kujifungua kila mwaka duniani, na takriban 70,000 hufa. Humu nchini, sensa ya mwaka 2019 ilionyesha vifo vya kina mama 355 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai, na kutokwa na damu ni miongoni mwa sababu kubwa. Tukumbuke pia kwamba mama mmoja si hesabu tu. Ana watoto, ana chama chake, ana kibanda chake sokoni, ana wazazi wanaomtegemea.

Kwa nini saa tatu

Tuelewane hapa, maana lugha yetu inaweza kutuchanganya. Saa tatu tunayoitaja si ile saa tatu ya asubuhi wala ya usiku. Ni muda wa saa tatu kamili kuanzia mtoto anapozaliwa. Kama amezaliwa saa nne ya usiku, muda huo unakwisha saa saba ya usiku.

Sababu iko katika ile plazmini. Mama anapojifungua, mwili wake huachilia kwa wingi kitu kinachoiamsha plazmini, na ukataji wa wavu huwa mkali katika saa za mwanzo. Ukiulinda wavu mapema, unabaki. Ukichelewa, utakuwa unalinda wavu uliokwisha kukatwa.

Mwaka 2018 watafiti walikusanya taarifa za wagonjwa 40,138 waliotokwa na damu, wakiwemo majeruhi na kina mama wa majaribio hayo mawili. Waligundua kwamba kila dakika 15 za kuchelewa hupunguza faida ya dawa kwa takriban asilimia 10. Baada ya saa tatu, faida hiyo haionekani tena.

Dakika 15 ni nini nyumbani? Ni muda wa kusema, "Tungoje kidogo tuone." Ni muda wa kumtafuta mwenye gari akiwa amezima simu. Ni muda wa kumngoja baba mwenye nyumba arudi ili atoe ruhusa. Ni muda wa kubishana nani atabaki na watoto.

Hii haina maana kwamba mama akipitisha saa tatu asipelekwe hospitali. Apelekwe, tena upesi. Kuna matibabu mengine mengi ya kumwokoa, na kutokwa na damu kunaweza kuanza hata siku kadhaa baada ya kujifungua.

Dawa haifanyi kazi peke yake

Ni vyema pia kusema wazi kile ambacho TXA haiwezi. Mara nyingi damu ya mzazi hutoka kwa sababu mfuko wa uzazi umeshindwa kujibana baada ya kondo kutoka. Hapo mama anahitaji dawa ya kuubana mfuko, kukandwa tumbo kwa utaalamu, na maji ya mishipa. Akiwa amepoteza damu nyingi, anahitaji damu. Akiwa amechanika, anahitaji kushonwa. TXA husimama pamoja na hayo yote, haichukui nafasi ya hata moja.

Wala haifai kunywewa au kudungwa kiholela ili kuzuia tatizo kabla halijatokea. Mwaka 2023 yalitolewa matokeo ya jaribio lililowahusisha kina mama 15,068 wenye upungufu wa damu, katika nchi za Pakistan, Nigeria, Tanzania na Zambia. Walipewa dawa hiyo mara tu baada ya kujifungua, kabla hawajaanza kuvuja damu. Ilionekana kwamba haikupunguza idadi ya waliovuja damu kwa wingi. Jaribio jingine la mwaka 2020, la wagonjwa wanaotokwa na damu tumboni na kwenye utumbo, lilionyesha kwamba dawa haikupunguza vifo vyao. Kwa hiyo hii si dawa ya kununuliwa dukani na kuwekwa kabatini. Ni dawa ya mhudumu aliyefunzwa, na mama anayevuja damu hudungwa kwenye mshipa, polepole.

Mwaka huo wa 2023 zilikuja pia habari njema, na Kenya ilihusika. Jaribio lililoitwa E-MOTIVE lilifanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, likawahusu kina mama zaidi ya 210,000. Walichofanya hakikuwa kigumu. Waliacha kukadiria damu kwa macho. Mama alitandikiwa karatasi maalum ya plastiki yenye mfuko ulio na alama za vipimo, ili damu inayotoka ipimwe. Kipimo kikifika mahali pa hatari, wauguzi hawakungoja. Walitoa matibabu yote kwa pamoja: kukanda mfuko wa uzazi, dawa ya kuubana, TXA, maji ya mishipa, na kuchunguza damu inatoka wapi. Kuvuja damu kupita kiasi, kufanyiwa upasuaji kwa sababu hiyo au kufa kwa sababu hiyo kulipungua kwa asilimia 60.

Funzo la E-MOTIVE linatuhusu hata sisi tusio wauguzi. Macho hudanganya. Leso nyeusi huficha damu. Godoro hunyonya damu. Mama hunyamaza ili asisumbue watu. Tukikadiria, karibu kila mara tunakadiria pungufu.

Yaliyo mikononi mwetu

Tumeeleza ya Tokyo na ya London. Sasa turudi kwetu.

Kwanza, mama mjamzito aende kliniki mapema, apimwe wingi wa damu, na ameze vidonge vya madini ya chuma alivyopewa. Mama mwenye damu pungufu akipoteza hata kiasi kidogo huzidiwa haraka.

Pili, kujifungua kuwe hospitalini au katika kituo cha afya chenye mhudumu aliyefunzwa. Wakunga wetu wa jadi wana heshima yao, na wanaaminiwa na kina mama kuliko watu wengi. Tunawaomba watumie imani hiyo kumsindikiza mama hadi kituoni na kukaa naye. Mkunga anayemfikisha mama mapema amemwokoa.

Tatu, safari ipangwe kabla ya uchungu kuanza. Familia ijue ni gari la nani au bodaboda ya nani itakayokuja usiku, nambari yake iwe kwenye simu za watu wawili au watatu, na akiba ya nauli iwekwe kando. Mama na familia wajisajili na bima ya afya ya SHA mapema, kwa kubonyeza *147# au kwa kumwona mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wao.

Nne, tujue dalili. Kutoka damu ya kufikia nusu lita baada ya kujifungua tayari ni hatari, na nusu lita ni chupa moja ya maji ya kawaida ya dukani. Leso au pedi ikilowa haraka na nyingine ikifuata, mabonge makubwa yakitoka, mama akihisi kizunguzungu, akitokwa na jasho la baridi, moyo ukienda mbio, viganja vikiwa vyeupe, au akianza kusema maneno yasiyoeleweka, hapo hakuna la kungoja. Asilazwe "apumzike kwanza". Apelekwe hospitali, na mtoto wake afuatane naye.

Tano, ikitokea mama akajifungulia nyumbani au njiani, watakaompokea hospitalini waambiwe saa ambayo mtoto alizaliwa. Atazame simu mtu mmoja, aikumbuke saa hiyo au aiandike hata kiganjani. Kwa mhudumu anayeamua kuhusu TXA, taarifa hiyo ni ya thamani kubwa.

Sita, tutoe damu. TXA huzuia damu isiendelee kupotea, lakini haiwezi kurudisha iliyokwisha kumwagika. Hiyo hutoka kwa mtu mwingine tu. Mtu mwenye afya njema, mwenye umri wa kati ya miaka 16 na 65 na uzito wa kilo 50 au zaidi, anaweza kufika kwenye kitengo cha damu akapimwe na kushauriwa. Okamoto na mumewe walikuwa tayari kutoa damu yao wenyewe ili utafiti usikwame. Sisi tunaombwa kutoa yetu ili jirani asife.

La mwisho ni kusikiliza. Kina baba, na hasa nyinyi mama wakwe na mashangazi ambao neno lenu ndilo hufuatwa nyumbani, tafakarini maisha ya daktari huyu. Aliongea akachekwa. Alieleza dawa yake inafaa nini, hakusikilizwa. Ilichukua zaidi ya miaka 50 dunia kuthibitisha kwamba alikuwa sahihi, na matokeo yalipotoka alikuwa amezikwa. Hatuwezi kujua ni kina mama wangapi walikufa katika miaka hiyo ya kungoja.

Nyumbani kwetu kungoja huwa kufupi zaidi, lakini hasara ni ile ile. Mama aliyejifungua anasema, "Naona damu ni nyingi," na anajibiwa, "Ni kawaida, hata sisi tulizaa." Inawezekana ni kawaida. Anayepaswa kulithibitisha hilo ni mhudumu aliyempima, na kumfikisha kwake ni kazi yetu. Akisema damu ni nyingi, mwaminini kwanza, muulizane njiani.

Dawa ipo. Utafiti umefanyika, na sehemu yake imefanyika katika hospitali za nchi yetu. Kilichobaki ni zile saa tatu, na nyingi kati ya dakika zake hutumika nyumbani na barabarani kabla daktari hajamwona mama. Dakika hizo ni zetu.